Tuuze karavani tununue motahomu?

SWALI: Asalaam alaykum. Mimi na mzee wangu tumerudi nyumbani, tunakaa Fuoni, lakini umri wetu mwingi tumeumalizia Leicester, Uingereza, na wanetu wapo kule mpaka leo. Kila mwaka ikifika Juni tunakwenda kuwaona wajukuu. Tuna karavani yetu, kijumba cha kuvutwa na gari, ya vitanda vinne, inakaa kwenye yadi nje ya mji, tukifika tunaivuta kwa gari ya binti yetu tunakwenda nayo Wales huko pwani wiki mbili tatu, napika mwenyewe, tunasali kwa raha zetu, wajukuu wanacheza. Sasa bwana mwakani anatimiza miaka 70 na mgongo umemchoka, kuifunga karavani nyuma ya gari na kuirudisha kinyumenyume kwenye kipande chetu cha kuegeshea imekuwa mtihani. Kuna mtu kamwonesha motahomu, yaani gari yenye nyumba humo humo ndani, ya dizeli, uzito wake umeandikwa kilo 3,850, kaipenda hadi hapati usingizi. Anasema tuuze karavani tuongeze pesa, na tukiichoka tutaipakia meli tuilete Zanzibar. Leseni ya kule anayo toka miaka ya 80. Mimi roho inasita lakini sina hoja ya kumwambia.
Mama Wajukuu, Fuoni

JIBU: Waalaykum salaam mama. Hoja unazo tele, ila naanza na leseni maana hapo ndo pazito kuliko pote na nahisi huyo aliyemwonesha gari hajamwambia.

Kule Uingereza leseni ya gari ya kawaida mwisho wake kilo 3,500, na kinachohesabiwa ni uzito ulioandikwa kwenye kibati, yaani gari ikiwa na mzigo wake wote, sio ikiwa tupu. Hiyo ya 3,850 inataka daraja la C1, la gari nzito kidogo. Waliopasi kabla ya tarehe 1 Januari 1997 walipewa C1 humo humo kwenye leseni yao, kwa hiyo leo bwana anayo, lakini akifika 70 inakwisha, na akitaka kubaki nayo lazima daktari ampime na ajaziwe fomu ya D4, bila ya hivo atarejeshewa ya gari ndogo tu. Alafu lipo kubwa zaidi, DVLA ambao ndo wanaotoa leseni wanataka muombaji awe mkaazi wa kule, na nyinyi mmesharudi Fuoni. Kwa maana hiyo hata kuifanya upya yenyewe inaweza ikamshinda, akabaki anaendesha kama mgeni kwa leseni ya hapa, ambayo wanaikubali kwa gari ndogo miezi 12 toka alipoingia nchini, na gari ndogo kwao ni hiyo hiyo isiyozidi 3,500. Yaani anunue leo kwa pesa nyingi hivo, mwakani hana ruhusa ya kushika usukani! Mwambie atoe kadi yake aitizame nyuma, tarehe ya mwisho ya C1 imeandikwa pale.

Atakwambia basi tutafute ya 3,500. Zipo nyingi kwakweli, ila tatizo lake mzigo. Mtengenezaji akishatia vitanda, jiko, friji, choo na hita, kinachobaki kwa ajili ya watu na vitu vyao kinakuwa kidogo kuliko unavyodhani. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 100 likijaa kilo 100 zimekwenda, bado wewe na bwana, mitungi ya gesi, masufuria yako ya biriani, mchele, viti vya kukalia nje, na hapo hujapakia mjukuu hata mmoja. Ikipimwa njiani ikaonekana imezidi ni faini.

Na hao wajukuu watakaa wapi? Hichi ndo kitu watu wanakisahau wakishaona vitanda vizuri na mapazia. Motahomu inaweza kuwa na vitanda vinne lakini viti vyenye mkanda viwili tu, pale mbele kwa dereva na mwenzake. Kwa karavani hamuna shida hiyo maana ndani ya karavani hakai mtu ikiwa inavutwa, ni marufuku, watoto wote wanakaa kwenye gari ya mama yao na mikanda yao. Kabla hajatoa hata senti ahesabu mikanda.

Sisemi motahomu kitu kibaya mama, kuna watu inawafaa sana. Mtu anayelala leo hapa kesho kule atapenda, anafika kituoni anaegesha, kazi imekwisha, hakuna kufunga wala kufungua. Na njiani inakwenda bila ya kubanwa, maana gari inayovuta karavani mwisho wake ni maili 50 kwa saa kwenye barabara za kawaida na 60 kwenye motawei, na njia ya kulia kabisa kwenye motawei ya njia tatu huruhusiwi, wakati motahomu nyepesi inakwenda kama gari nyengine. Lakini nyinyi hamuhami hami, nyinyi mnakaa pahala pamoja wiki tatu. Sasa fikiria maziwa yamekwisha au mtoto kaumwa sikio usiku, lazima uchomoe umeme, ushushe vyombo, ufunge makabati, uiwashe nyumba nzima uende nayo dukani. Ukiwa na karavani gari iko pembeni, funguo mkononi.

Alafu hiyo gari itakaa miezi mingapi haijaguswa? Karavani ikikaa yadi haina injini, haina MOT (ukaguzi wa gari wa kila mwaka), haina kodi ya barabara, unaangalia unyevu, betri na tairi basi. Motahomu ni gari kamili, ikishatimiza miaka mitatu kila mwaka MOT, kodi, bima, na mkitaka kuiweka bila ya kuilipia kodi lazima mtoe taarifa ya SORN, kwamba gari haitumiki barabarani, na isikanyage barabara. Gari inayolala muda mrefu betri inakufa, breki zinashika kutu, tairi zinaharibika upande mmoja. Mimi naona ni pesa inayoozea yadini.

Kinachomuumiza bwana ni kufunga, kuvuta na kurudisha nyuma, na hivo vyote vina dawa bila ya kuiuza karavani. Kuna kifaa kinaitwa mota mova, kinafungwa chini karibu na tairi za karavani, unashika rimoti unaisogeza mwenyewe polepole mpaka ikae pale unapotaka, mgongo hauhusiki, ila na chenyewe kina uzito wake muuhesabu. Au binti avute yeye, maana toka tarehe 16 Desemba 2021 mwenye leseni ya kawaida kule anaruhusiwa kuvuta mpaka kilo 3,500 bila ya mtihani wa ziada, almuradi gari yake yenyewe inauweza mzigo huo. Na ninayoipenda zaidi mimi ni kulipia kipande cha msimu mzima, karavani inapelekwa mara moja mwanzo wa msimu inabaki pale pale pwani, nyinyi mnakwenda na gari tupu, wanenu nao wanaitumia wikiendi kabla hamjafika. Bwana akiwa bado ana hamu na motahomu, mkodi moja ya 3,500 siku chache, awaulize kwanza umri wa mwisho wa dereva wao, alale ndani yake mvua ya Wales ikinyesha ndo aamue.

Kuileta Zanzibar, usukani wake upande wetu, hilo sawa. Lakini gari yenye urefu wa kwenda juu karibu mita tatu utaipitisha wapi na nyaya hizi na matawi ya miembe, na hita ya kazi gani huku? Dizeli zao za sasa zina filta ya moshi na AdBlue, maji maalumu ya kusafisha moshi, friji yake ya gesi ikiharibika nani atakutengenezea, na vituo vya kuchomeka umeme na kumwaga choo hatuna. Kisiwa chenyewe ukitoka Fuoni asubuhi umeshafika Nungwi na kurudi kula mchana kwako.

SWALI: Mimi niko Wete, nataka kuchukua Hiace ya mzigo nitie kitanda na jiko dogo la gesi niwe nalala fukweni na jamaa zangu. Niangalie nini?

JIBU: Kaka, chini ya gari kwanza. Chumvi ya fukweni inakula chesisi, kwa hiyo ipigwe dawa ya kutu na kila ukirudi iosheni chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Bati tupu likipigwa na jua hamtalala, weka kitu cha kuzuia joto kwenye dari kabla ya mbao, tundu la hewa juu na nyavu za mbu madirishani. Na jiko, tafadhali sana, mpike nje. Kupika au kuacha mkaa unawaka ndani ya gari iliyofungwa kunatoa hewa ya sumu isiyo na harufu na watu hufa usingizini. Mtungi usikae pale mnapolalia vichwa.