Kwa Wanaoanza Shahada ya Uhusiano wa Kimataifa

Wengi wanaochagua shahada ya uhusiano wa kimataifa huja na picha ya balozi akishuka kwenye gari lenye bendera, na wengine huja kwa kuwa wanapenda kufuatilia habari za dunia. Sababu zote mbili zinatosha kukuingiza darasani, lakini hazitoshi kukufikisha mwaka wa tatu ukiwa na kitu cha kumwonyesha mwajiri. Kufuatilia habari humpa mtu maoni, ilhali fani hii inadai ushahidi, na ushahidi wenyewe kwa sehemu kubwa umo katika nyaraka: mikataba, itifaki (mikataba ya nyongeza inayofafanua mkataba mkuu), maazimio, hukumu na kumbukumbu za kura.

Wadogo zangu wanaponiuliza waanzie wapi, huwapa zoezi hili. Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipigia kura azimio lililoitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine. Nchi 141 ziliunga mkono, 5 zilipinga na 35 zilijizuia. Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ziliunga mkono, ilhali Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini zilijizuia. Mshabiki wa habari ataishia kusema kwamba huyu yuko na Magharibi na yule yuko na Urusi. Mwanafunzi hana budi kulisoma azimio aya kwa aya, kutafuta maelezo ya kura, yaani sababu ambazo nchi yenyewe ilizitaja, pale yalipotolewa, na kuchunguza kwa nini Kenya, iliyokuwa wakati huo mjumbe asiye wa kudumu wa Baraza la Usalama, ilikuwa imezungumzia mipaka ya kikoloni siku chache kabla, na kwa nini Tanzania, yenye historia ndefu ya kutofungamana na upande wowote, ilichukua msimamo tofauti. Ukilifanya zoezi hilo kwa uaminifu utajikuta umefika hadi Cairo mwaka 1964, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipokubaliana kuheshimu mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru, na utaikumbuka tarehe hiyo bila kuikariri.

Nadharia ndizo zinazowakatisha tamaa wengi muhula wa kwanza, na sishangai, kwa sababu uhalisia (unaoona kwamba nchi huongozwa na nguvu na usalama wake) na uliberali (unaoamini kwamba taasisi, sheria na biashara hujenga ushirikiano) hufundishwa zaidi kwa mifano ya Ulaya. Dawa yake ni kuipima kila nadharia kwa tukio unalolijua. Chukua vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Jeshi la Tanzania liliyafukuza, likavuka mpaka, na kufikia Aprili 1979 likawa Kampala pamoja na wapiganaji wa Uganda. Mwanauhalisia atakuambia kwamba jirani mwenye silaha na asiyetabirika haachwi ajipange upya. Mwenye kusoma sheria atauliza kujilinda kunakoma wapi, hasa ikizingatiwa kwamba Hati ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ya 1963 ilikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Kisha fungua ibara ya 4(h) ya Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika ya mwaka 2000, uone kwamba haki ya kuingilia kati panapotokea uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu imepewa Umoja wenyewe, wala si nchi mojamoja. Insha ya namna hiyo haiandikwi kwa kutegemea madesa.

Msiukimbie uchumi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina umoja wa forodha tangu 2005 na soko la pamoja tangu 2010, na migogoro mingi ya kila siku kati ya wanachama wake inahusu ushuru, vibali na cheti cha uasili wa bidhaa, yaani cha kuthibitisha nchi bidhaa inakotoka. Mhitimu anayeweza kueleza kwa kutumia itifaki kwa nini shehena ya mahindi imekwama Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, ana nafasi pana zaidi ya kuajiriwa kuliko anayejua tu historia ya Vita Baridi. Kifaransa nacho kina faida ya wazi, kwa sababu ya Burundi na Kongo, na Kiswahili kilichoandikwa kwa ufasaha kina soko tangu Umoja wa Afrika ulipokikubali kuwa lugha ya kazi mwaka 2022.

Nafasi za wizarani ni chache na wanaozigombea ni wengi, hivyo barua za mafunzo kwa vitendo zipelekwe mapema pia kwenye forodha, kampuni za uwakala wa mizigo, mashirika ya wakimbizi na taasisi zilizoko Arusha, ambako Jumuiya ina makao makuu na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake. Katika barua hiyo, badala ya kuandika kwamba unapenda diplomasia, taja itifaki au hukumu uliyoisoma yote na ambatisha kurasa mbili za uchambuzi wako.