Mume Amestaafu, Usharika Umemwajiri

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa miaka 54, niko Moshi, nina duka la vyakula na miamala ya simu. Mume wangu alikuwa mwalimu wa sekondari, akastaafu na miaka 60, sasa ana 62. Mwaka wa kwanza tuliishi vizuri: mchana ananisaidia kuuza, jioni anapita kilabuni kunywa mbege na wenzake. Mwaka jana akaingia kwaya ya usharika wetu wa Kilutheri, KKKT, wakamchagua na uzee wa kanisa, basi simwoni tena. Jumanne na Ijumaa mazoezi, Alhamisi jumuiya, Jumamosi kuona wagonjwa, Jumapili ndiyo usiseme. Duka namwachia nani? Siku ya mavuno alibeba mkungu wa ndizi kutoka kihamba chetu, ukapigwa mnada pale nje, akaununua yeye mwenyewe kwa shilingi 45,000! Ameahidi 500,000 za paa la kanisa, nami nimeambiwa na mteja Jumapili hiyo hiyo. Halafu kuna mjane mmoja wa sauti ya kwanza, wanarudi pamoja usiku na wenzao wanne. Sasa eti ni zamu yetu jumuiya isali kwangu, watu ishirini, chai na maandazi, na duka nifunge. Nimrudisheje nyumbani? Mama Aliyechoka.*

Marahaba, Mama Aliyechoka, ingawa kwa miaka uliyoitaja sina hakika nani amwamkie mwenzake.

Pole kwa uchovu. Sasa tuzungumze.

Barua yako nimeisoma na kalamu mkononi. Duka umelitaja mara tatu. Mahali ulipoandika kwamba unamkumbuka mumeo nimepatafuta sijapaona. Huniulizi namna ya kumrudisha mume, mama. Unaniulizia msaidizi wa dukani aliyeacha kazi bila notisi, na ambaye ulikuwa humlipi.

Eti mwaka wa kwanza mliishi vizuri. Nani aliishi vizuri? Mwalimu aliyezoea darasa zima kusimama akiingia, amekuja kusimamishwa yeye apime sukari ya robo, tena nina hakika ulikuwa unazihesabu chenji nyuma yake. Jioni akaenda kuzamisha hayo kwenye mbege. Miezi yote hiyo anarudi akigusa ukuta, barua hukuniandikia. Alivyoanza kurudi na kitabu cha nyimbo kwapani, ndipo ukanunua bahasha.

Nikueleze kisa. Baba yangu mdogo alifanya kazi bandarini Tanga mpaka akastaafu. Tulimpenda mno. Tukamnunulia kiti cha uvivu na redio, tukamnyang'anya hata jembe: "Pumzika, baba, umeshatulea." Akapumzika. Chakula kinamfuata alipo, maji ya kuoga yanamfuata, hakuna mtu anayemwomba ushauri wala anayemtuma hata kwa jirani. Ulipofika mwaka wa pili alikuwa hajui leo ni Jumatano au Jumamosi, maana kwake zote zilikuwa sawa. Siku tuliyompeleka makaburini mimi nilijua moyoni kwamba tulianza kumzika pale kitini.

Mumeo ana Jumanne. Wewe unaihesabu kama siku uliyoibiwa, mwenzako anaihesabu kama siku anayosubiriwa. Besi ikipungua mtu mmoja, kwaya nzima inasikia, na mwalimu wa kwaya atapiga simu kuuliza yuko wapi. Mgonjwa aliyezoea kusomewa Zaburi kila Jumamosi atauliza mzee leo vipi hajaja. Katika umri wa miaka 62, ukishakabidhi funguo za ofisi, simu ya namna hiyo ni dawa ambayo hospitali haina. Na uzee wa kanisa hauna mshahara, usifikiri kuna kitu anakuficha.

Ningeandikiwa habari za nabii anayeuza chupa za maji na vitambaa vya upako, saa hizi ningekuwa nimepanda basi kuja Moshi kupiga kelele. Lakini usharika wenye wazee wanaochaguliwa, wanaohesabu sadaka watu wengi mbele ya watu wengi, hapo sina kelele.

Na wewe hapo mlimani usijifanye mgeni wa mambo haya. Mimi niliolewa huko, nimeyakuta. Yule mchungaji Mjerumani, Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro 1902 akaondoka 1938, miaka mingi akiwa Old Moshi, aliona watu wa Kilimanjaro wameshikwa na mambo matatu: ukoo, ujirani na rika. Alijenga usharika juu ya hayo hayo. Kwa hiyo mumeo anapokaa Alhamisi sebuleni kwa jirani, akijua nani ana msiba na mtoto wa nani amekosa ada, hajaiga uzungu. Anafanya walivyofanya babu zake kabla hata ya hiyo KKKT kuundwa mwaka 1963.

Mkungu wa ndizi umenichekesha. Mama, pale mnadani hakuna anayenunua ndizi! Mtu ametoa alichonacho, wenzake wanakipandisha bei ili mfuko ujae, kuku wa elfu kumi na tano anafika hamsini na watu wanapiga vigelegele. Nimeona yai moja likinunuliwa, likarudishwa mezani, likanunuliwa tena, mpaka nikalionea huruma lile yai. Wa mwisho hubeba mzigo kwake. Ungekuwepo ungejua. Lakini hukuwepo, kwa sababu habari za paa ulizipata kwa mteja, Jumapili, maana yake watu wakiwa ibadani wewe ulikuwa unauza.

Mjane nisimjibu sana. Wanarudi watu sita. Huo ni msafara. Mwanaume mwenye nia mbaya hatafuti mashahidi wanne wa kumsindikiza.

Hapa ndipo ndoa za siku hizi zinaponichosha. Watu wanaoana na mshahara. Miaka thelathini mke anajua tarehe ya mshahara, mume anajua chakula kiko mezani, na katikati wanapishana mlangoni kama abiria wa daladala. Mshahara ukikatika, wanaangaliana: wewe ni nani vile? Kisha kila mmoja anamtafutia mwenzake kazi ya kumtumikia. Wanawake mnalalamika wanaume hawana habari na Mungu, mnakesha mkiwaombea, akija kuokoka kweli mnasema amezidi. Basi mpeni kipimo, mseme mnataka robo ya wokovu.

Haya, na yeye nimseme, asije akakunyang'anya simu akasoma akatamba. Ile laki tano amekosea. Mafao ya ualimu wa mtu mmoja ni jasho la watu wawili, na baada ya kikokotoo cha pensheni kupita, kila mstaafu anajua kilichobaki. Ahadi kubwa namna hiyo inasemwa chumbani kabla ya kusemwa madhabahuni. Paulo alimuuliza Timotheo mtu asiyejua kuisimamia nyumba yake atalitunzaje kanisa, na mzee wa kanisa hawezi kusema hajawahi kuusikia mstari huo. Mwambie nimesema akae nawe, mpange ahadi hiyo ilipwe kidogo kidogo, kwa miezi mtakayokubaliana, na kuanzia sasa hakuna kunyoosha mkono kwenye ahadi bila nyinyi wawili kujua. Mwambie taratibu, ukiwa umekaa, mteja asiwepo.

La duka ni rahisi. Ajiri binti au kijana wa kazi, umlipe. Usipoweza kumlipa mtu hata mmoja, basi duka hilo lilikuwa linaishi kwa mgongo wa mumeo. Jumapili funga mpaka saa saba, walevi wa soda watakusubiri.

Na zamu ya jumuiya usiikimbie. Amekaa kwenye sebule za wenzake mwaka mzima akinywa chai yao, na kila Alhamisi anaulizwa kwake lini. Unajua aibu anayoimeza? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Unga unao dukani, sukari unayo dukani, kwa hiyo hesabu ya maandazi usiniletee mimi. Kaanga sitini, watu ishirini matatu matatu. Mumeo mwache aongoze sala sebuleni kwake, umtazame vizuri akifanya hivyo, maana naona ni muda hujamtazama. Yule mjane mwekee kiti karibu na chako, mwimbe kitabu kimoja.

Shangazi