Umekulia Dodoma na unataka kupiga mbizi? Soma hapa kwanza

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa binti anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Ni mtu wa Mpwapwa, bahari ameiona mara moja tu maishani, na ameona picha zangu nikiwa chini ya maji kule California. Akaniamkia, akauliza: "Dada, na mimi nataka kurudisha misitu ya baharini. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilianza kukujibu kwenye simu nikaona maneno yananizidi, na najua mko wengi wenye ndoto hiyo hiyo ila hamjaamua kuandika. Basi hili ni jibu lenu nyote.

Mimi ni Mrangi wa Kondoa. Waliokulia kule wanayajua makorongo, ile ardhi nyekundu iliyokatika mpaka mizizi ya mti inaning'inia hewani. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaamriwa iondoke katika milima ya Irangi. Ng'ombe wa babu walikuwa miongoni mwa walioondolewa. Babu aliingia kaburini akiwa na kinyongo na jambo hilo, na simlaumu, maana ng'ombe wale ndio waliokuwa benki yake. Lakini alikuwa mtu wa haki. Alitupandisha mlimani akatuonyesha miti ambayo hakuna aliyeipanda. Vishina na mbegu vilikuwemo ardhini muda wote. Kilichokosekana ni nafasi ya kuchipua bila kuliwa.

Miaka mingi baadaye nikapata ufadhili wa masomo, nikajikuta Monterey, mji wa pwani kule California. Huko ndiko nilikokutana na kelpi. Ni mwani, ila usifikirie ule wa Zanzibar ambao kina mama wanaufunga kwenye kamba. Huu unashika mwamba chini kabisa, unapanda mpaka juu ya maji, na mambo yakiuendea vizuri unarefuka zaidi ya nusu mita kwa siku moja. Samaki wanazaa humo, wanajificha humo, wanakula humo.

Halafu mwalimu akatuonyesha sehemu ile ile baada ya msitu kuondoka. Mwamba mtupu, na juu yake maelfu ya viumbe vya duara vya zambarau, miiba pande zote, Waingereza wanaviita sea urchin, vimebanana kama kalunguyeye waliojikunja. Mwaka 2013 ugonjwa uliwaingia viti vya pweza wa pwani ile, wale viumbe wa baharini wenye umbo la nyota, na aina kubwa kuliko zote, yenye mikono inayofika 24, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiwala hao wa miiba, ikakaribia kumalizika. Kati ya 2014 na 2016 bahari ikapata joto lisilo la kawaida, na kelpi inataka maji ya baridi. Kaskazini mwa California zaidi ya asilimia 90 ya msitu ikapotea. Hao wa miiba wakatafuna kilichobaki, na kilipokwisha hawakufa. Wanaweza kukaa na njaa miaka mingi, wanasubiri chipukizi litokeze walimalize. Hata fisi maji wa baharini huwapita, kwa sababu ndani karibu hawana nyama.

Wenzangu waliuliza maswali mengi siku hiyo. Mimi sikuwa na swali. Niliyajua hayo tangu mlimani kwa babu.

Mwaka 2021 mamlaka za California ziliwaruhusu wapiga mbizi wa kawaida kuwaponda hao wa zambarau kwa nyundo katika eneo moja la Monterey linaloitwa Tankers Reef. Watu wa kujitolea wakafundishwa, nami nikajiandikisha. Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, kwa sababu wengi wanadhani kazi hii inataka ujasiri. Inataka utulivu.

Fikiria uko chini. Suti ya mpira ya milimita 7 imekubana kifua, maji ni ya nyuzi 12, paji la uso linauma kwa baridi. Mkono mmoja una nyundo. Hutakiwi kugusa mwamba kwa goti wala kwa mapezi, maana pale ulipo huenda kuna mche wa kelpi usiozidi kidole. Unapanda na kushuka kwa pumzi tu: ukivuta hewa unainuka kidogo, ukiitoa unashuka. Unapiga, ganda linapasuka, unakuta kweli ndani ni maji matupu. Samaki wadogo wanakuja mpaka kwenye vidole vyako kugombania makombo. Unasogea. Unapiga tena. Kama hujajifunza kutulia, nyundo inakuyumbisha, unatimua mchanga, hewa inaisha kabla ya wenzako, na umeharibu ulichokuja kukiokoa.

Mafunzo yenyewe si nyundo tu. Unafundishwa kumtambua wa zambarau na kumtofautisha na mwenzake mwekundu. Unafundishwa kuvuta tepu ya mita 30 juu ya mwamba na kuhesabu kila kilichomo ndani ya upana wa mita 2, ukiandika kwa penseli kwenye kibao cha plastiki, ili ijulikane kazi imesaidia au haikusaidia. Mimi nilipenda kuhesabu kuliko kuponda. Siku nilipoandika miche ya kelpi kwenye mstari ambao kabla yake ulikuwa na sifuri, nililia ndani ya barakoa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, jifunze kuogelea. Najua jibu hilo halina utamu, lakini cheti cha kwanza cha mbizi hukipati bila kuogelea mita 200 mfululizo na kuelea dakika 10. Tafuta bwawa la hoteli hapo mjini, tafuta mtu anayejua, lipia saa moja kwa wiki. Kisha jifunze kutulia. Kaa ndani ya maji bila kufanya kitu. Halafu utulie tena.

Kwa mabinti wa Kiislamu wanaoniuliza kimyakimya: suti ya maji baridi inafunika mwili mzima, na kofia yake inafunika kichwa na shingo. Hilo lisikuzuie.

Na usitafute kelpi hapa nyumbani. Bahari yetu ni ya joto. Barani Afrika misitu hiyo iko hasa Namibia na Afrika Kusini. Sisi tuna matumbawe, na utulivu ule ule ndio unaotakiwa huko. Niliporudi niliomba nafasi katika mradi mmoja wa matumbawe pwani. Aliyenisaili aliniuliza kabila langu kabla ya kuniuliza vyeti, kisha akacheka: mtu wa Kondoa na bahari wapi na wapi? Bado inaniuma, sitaficha. Vijana wa bara, msikubali mtu awapangie mpaka wa nchi yenu wenyewe. Bahari haiulizi ulizaliwa wapi, inauliza unapumuaje. Anayekucheka leo mwache acheke, wewe endelea na bwawa lako. Someni, ombeni ufadhili, andikeni barua hata kama hazijibiwi!

Jambo la mwisho, ambalo watu wa pwani hawatakwambia kwa sababu haliwahusu. Ukishuka na mtungi wa hewa, mwili unanyonya naitrojeni iliyomo kwenye hewa hiyo, na inatakiwa itoke polepole. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi. Ukitoka majini asubuhi na kupanda treni ya SGR mchana, unapanda mlima ukiwa umekaa kwenye kiti, na naitrojeni inaweza kugeuka mapovu mwilini. Mwongozo wa wapiga mbizi wanaopanda ndege ufuate na wewe: angalau saa 12 baada ya mbizi moja, angalau saa 18 kama umeshuka mara kadhaa. Hela ya kulala Dar usiku huo wa ziada iweke kwenye bajeti tangu mwanzo, kabla hata hujalipia kozi.