Mninga juu ya jamvi la miezi miwili: nilaze au nisubiri?

SWALI: Fundi, shikamoo. Ninajenga Tanga. Jamvi la sebule, yaani zege la sakafu, lilimwagwa miezi miwili iliyopita, unene sentimita 10, na nyumba imeshaezekwa. Nimenunua mbao za mninga za inchi moja, zimepigwa randa na kutiwa ulimi na mfereji. Fundi wangu anataka kuzibandika moja kwa moja juu ya zege kwa gundi nyeupe wiki ijayo. Je, ni sawa?

JIBU: Marahaba. Mwambie fundi wako asitishe kwanza, asibandike. Mninga umechagua vizuri, ni miongoni mwa mbao zetu zinazosinyaa na kuvimba kidogo kabisa. Shida ni zege.

Zege hukauka polepole sana kuliko linavyoonekana. Sisi hukadiria mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5, ukihesabu tangu siku mlipoacha kulimwagilia na paa likaziba mvua. Lako basi linataka miezi minne hivi, na masika ikiingia katikati, ongeza.

Lakini kuna swali kubwa kuliko hilo: chini ya jamvi mlitandika nailoni? Kama hamkutandika, hata ukisubiri miaka mitatu ardhi itaendelea kupandisha unyevu. Jaribu hivi: kata kipande cha nailoni nusu mita kwa nusu mita, kibandike sakafuni kwa utepe pande zote nne, ukiache siku nzima, usiku na mchana. Ukikibandua ukakuta matone, au zege limekuwa jeusi, bado. Fanya sehemu tatu au nne, ikiwemo pembe iliyo karibu na bafu. Ukikuta pakavu usishangilie sana, maana jaribio hili linasoma juu juu tu.

Gundi nyeupe siitaki hapo kabisa. Ina maji ndani yake, ubao unayanywa upande wa chini, na unyevu wa zege ukija baadaye gundi hulainika na kuachia. Anayetaka kubandika atumie gundi ya polyurethane inayonyumbuka, juu ya zege kavu lililonyooka. Bei yake itakushtua.

Mimi kwa Tanga ningelaza papi, yaani vipande vyembamba vya mbao vya kubebea sakafu. Tandika nailoni nzito ya ujenzi chumba kizima, maungio yapandane sentimita 20 na uyazibe kwa utepe, kingo uzipandishe ukutani. Juu yake funga papi za inchi 2 kwa 2 zilizopakwa dawa ya mchwa, kila sentimita 40. Skrubu itatoboa nailoni, hivyo jaza silikoni tunduni kabla ya kuikaza. Mninga unapigiliwa kwenye papi kwa msumari wa mshazari kupitia ulimi, kichwa kisionekane. Sakafu itapanda kama sentimita 7, kwa hiyo pima milango sasa, kabla fremu hazijakaa.

Mbao zenyewe ziingize chumbani wiki mbili kabla, uzipange kwa vijiti katikati ili hewa ipite, madirisha yakiwa yameshawekwa. Hewa ya pwani huzituliza kwenye unyevu wa asilimia 12 hadi 15. Zikitoka bara zikiwa kavu ukazilaza siku hiyo hiyo, zitavimbia mahali pake.

Ndiyo maana ukutani tunaacha nafasi. Ubao wa sentimita 10 ukivimba theluthi moja tu ya milimita, sebule ya mita 4 yenye mbao 40 inadai zaidi ya milimita 13. Nilishawahi kuibana sakafu ya mtiki hadi kwenye plasta kwa kuwa mwenye nyumba hakupenda kuona uwazi. Masika haikuisha, katikati ya chumba pamefura kama mgongo wa ngamia, na nikaing'oa kwa gharama yangu. Acha milimita 15 kila upande, kisha funika kwa skatingi, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta, ila skatingi uipigilie ukutani, usiipigilie kwenye mninga.

Msasa na vanishi vije mwisho, wapaka rangi wakishatoka.