Maswali na majibu: Hesabu dawa, usihesabu vidonge

Mtu akisikia "dawa ya mseto" huku kwetu hufikiria dawa ya malaria. Lakini vidonge vingi vya maumivu navyo ni mseto: ndani ya kidonge kimoja mna dawa mbili, wakati mwingine tatu. Maswali yaliyotufikia kutoka Mtwara na Lindi karibu yote yanagusa jambo hilo.

Nabeba magunia ya korosho ghalani Tandahimba. Dukani nilipewa vidonge vya mgongo, bahasha imeandikwa 1x3. Usiku kichwa kikiuma naongeza Panadol mbili. Wiki hii nimepata mafua, nikanunua na vya mafua, viwili mara tatu. Kuna ubaya?

Upo, ndugu yetu, na ni mkubwa. Kidonge cha mgongo kinachouzwa sana kina diklofenaki miligramu 50 na parasetamoli miligramu 500. Ukinywa vitatu kwa siku umeshapata parasetamoli 1,500. Panadol mbili za usiku zinaongeza 1,000. Vidonge vya mafua navyo mara nyingi vina parasetamoli, tuseme 500 kila kimoja; sita kwa siku ni 3,000. Jumla 5,500. Mtu mzima mwenye afya hatakiwi kuvuka 4,000 kwa saa 24. Kwa aliye chini ya kilo 50, asiyekula vizuri, mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe kila siku, kikomo hushuka, mara nyingi hadi 2,000.

Wewe unaona dawa ya mgongo, ya kichwa na ya mafua. Ini linaona parasetamoli tatu. Kwa hiyo kabla hujalipa, geuza pakiti usome maandishi madogo chini ya jina la biashara. Utayakuta kwa herufi za kigeni: Paracetamol, Diclofenac, Ibuprofen, Aceclofenac, Aspirin. Ukikuta Acetaminophen, hiyo ni parasetamoli ileile kwa jina la Marekani. Jina moja likijirudia kwenye pakiti mbili, rudisha moja. Kadhalika diklofenaki, aceklofenaki, ibuprofeni na aspirini ni ndugu wa ukoo mmoja. Usichanganye wawili hata kama majina ni tofauti.

Hiyo 1x3 maana yake ni kila baada ya saa nane: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Wengi wanameza asubuhi, mchana na magharibi, vitatu ndani ya saa 12, halafu usiku kucha hawana dawa mwilini, ndiyo maana wanaongeza nyingine. Meza baada ya chakula cha kushiba, si baada ya chai ya rangi. Siku tatu hadi tano zikipita mgongo bado unauma, nenda zahanati.

Na kwa kuwa umeshazidisha, acha parasetamoli zote sasa, nenda kituo cha afya leo hata kama hujisikii vibaya, na ubebe pakiti zote. Sumu ya parasetamoli inadanganya: siku ya kwanza ni kichefuchefu tu, au hakuna kitu kabisa, kisha siku ya pili au ya tatu macho yanaanza kuwa ya njano na ini limeshaumia. Dawa ya kuizuia ipo, inaitwa asetilisisteini, na hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa nane tangu kuzidisha dozi.

Mimi ni mama wa miaka 52, Masasi. Vidonge vya magoti vinaniunguza tumbo. Nikichomwa sindano ya dawa ileile nitaepuka?

Hapana, mama. Watu wengi wanaamini kidonge kinachoma tumbo kwa kulikwaruza kikipita, kwa hiyo sindano itapita pembeni. Kidonge huwasha kidogo kwa kugusa, lakini madhara makubwa yanatoka kwenye damu. Diklofenaki na ndugu zake huzuia mwili kutengeneza kemikali ya maumivu, na kemikali hiyohiyo ndiyo inayolinda utando wa tumbo dhidi ya asidi. Dawa iingie kwa mdomo, kwa sindano au kwa njia ya haja kubwa, ulinzi unapungua vilevile.

Hatari inapanda kwa mwenye miaka zaidi ya 60 au 65, aliyewahi kuwa na vidonda vya tumbo, na anayetumia aspirini ya moyo, warfarini (ya kuzuia damu kuganda) au dawa za jamii ya prednisoloni na deksamethasoni. Hizo mbili za mwisho tunazitaja kwa makusudi, kwa sababu kuna vifurushi vya "dawa ya viungo" visivyo na jina ambavyo huchanganya deksamethasoni na diklofenaki. Mtu anapata nafuu siku ya kwanza, anavisifia, wiki ya tatu anatapika damu. Tafadhali, kifurushi kisicho na jina msikinunue.

Kwako wewe, simamisha vidonge hivyo, tumia parasetamoli peke yake huku ukisubiri kumwona daktari. Akiona lazima urudi kwenye diklofenaki, mwulize kuhusu omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, miligramu 20 kila siku kwa muda wote wa dawa. Maziwa na dawa za kutuliza asidi zinapoza moto tu. Kidonda kinaendelea chini yake.

Ukiona choo cheusi, kinachong'aa na kunata kama lami, chenye harufu kali isiyo ya kawaida, au ukitapika kitu kama machicha ya kahawa, hiyo ni damu. Usingoje asubuhi, iwe hospitali ya Ndanda, Ligula au Sokoine, nenda ulikokaribia. Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kiwe cheusi, ila hakinati wala hakina harufu ile.

Mama yangu, Lindi Mjini, ana presha. Anatumia losatani na dawa ya kupunguza maji. Tangu aanze vidonge vya nyonga miguu imevimba na presha imepanda. Tuongeze dawa ya presha?

Kabla ya kuongeza, toeni hicho cha nyonga. Figo huchuja damu kwa msukumo. Diklofenaki inabana mshipa unaoingiza damu kwenye chujio, losatani inalegeza ule wa kutoka, na dawa ya kupunguza maji inapunguza kiasi cha maji kwenye damu. Zote tatu zikikutana, msukumo unaanguka na figo linaweza kugoma ndani ya siku chache, hasa mgonjwa akiharisha, akitapika au akishinda juani bila maji. Juu ya hayo diklofenaki hushikilia chumvi na maji mwilini, ndiyo hiyo miguu na ndiyo hiyo presha. Captopril, enalapril na lisinopril ziko kundi moja na losatani kwa jambo hili.

Mpelekeni kituoni wampime presha na kipimo cha damu cha figo, kinachoitwa kreatinini. Dawa za presha asiziache mwenyewe. Kwa nyonga atumie parasetamoli, na jeli ya kupaka kwa siku chache kama daktari atakubali. Inaingia kwenye damu kidogo sana kuliko kidonge.

Onyo hili linawahusu pia wanaotumia ARV zenye tenofovi. Tenofovi na diklofenaki zote mbili zinaelemea figo. Huna haja ya kumtangazia muuza dawa hali yako mbele za watu, mwambie tu, "natumia dawa ya kila siku inayogusa figo, nipe parasetamoli."

Newala. Homa, vipele na viungo vinauma hadi kutembea nimeinama. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Ninywe kidonge cha mseto?

Unavyojieleza ndivyo wazee wa hapo hapo walivyoieleza chikungunya. Homa hiyo ya mbu ilitambuliwa kwa mara ya kwanza kwenye uwanda wa Makonde mwaka 1952 na 1953, na jina lake ni la Kimakonde, lenye maana ya kupinda au kujikunja. Ulimwengu mzima unaiita hivyo hadi leo.

Tatizo ni kwamba dengue huanza kwa sura ileile, na mbu wao ni mmoja, yule anayeuma mchana. Dengue hupunguza chembe za kugandisha damu. Ukiongeza aspirini, diklofenaki au ibuprofeni unafungua mlango wa kuvuja damu. Kwa hiyo mpaka dengue iondolewe kwa vipimo, tumia parasetamoli peke yake, vidonge viwili vya 500 kila baada ya saa sita, na maji mengi: uji, dafu, maji ya chumvi na sukari ya pakiti. Fizi zikitoka damu, tumbo likiuma sana au ukitapika mfululizo, rudi hospitali, hasa homa inaposhuka, kwa kuwa dengue huwa mbaya wakati huo. Ikithibitika ni chikungunya, maumivu ya viungo yanaweza kukaa wiki au miezi, na hapo daktari anaweza kukuandikia ibuprofeni.

Kilwa Masoko. Nafunga Ramadhani na natumia kidonge cha diklofenaki na parasetamoli. Nimeze saa ngapi?

Kimoja baada ya kufuturu chakula kamili, kimoja baada ya daku. Hapo katikati kuna takribani saa tisa au kumi, inatosha. Cha tatu kiache. Usimeze kwa tende na kahawa tu ukaenda kuswali, subiri ushibe. Kunywa maji kidogo kidogo tangu futari hadi daku, maana figo lililokauka mchana kutwa ndilo diklofenaki inaloumiza. Kama kazi yako ni ya kuvua au ya mashamba ya chumvi, juani siku nzima bila maji, tungekushauri uhamie parasetamoli mwezi huu wote.

Nina mimba ya miezi sita, Mikindani. Mgongo.

Parasetamoli peke yake, kwa kiasi kidogo kinachotosha na kwa siku chache. Vyenye diklofenaki, ibuprofeni au aspirini viepuke, hasa kuanzia wiki ya 20: vinaweza kuathiri figo za mtoto hadi maji ya uzazi yapungue, na kuanzia wiki ya 28 vinaweza kufunga mapema mshipa wa moyo wa mtoto ambao hutakiwa kuwa wazi mpaka azaliwe. Kama kliniki wamekupa aspirini ya dozi ndogo kwa ajili ya kuzuia kifafa cha mimba, hiyo ni habari nyingine, usiiache.

Mtoto ana homa, nimpe nusu ya kidonge changu?

Hapana. Nusu ya kidonge cha mseto ni nusu ya kila kilichomo, hata kisichomfaa. Aspirini haipewi mtoto kabisa bila daktari. Mpe parasetamoli ya maji, miligramu 15 kwa kila kilo: mwenye kilo 10 anapata 150. Kama chupa imeandikwa 120 kwa mililita 5, hiyo ni kama mililita 6, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kijiko cha chai. Angalau saa sita kati ya dozi, zisizidi nne kwa siku. Na apimwe malaria siku hiyohiyo, kwa sababu homa kushuka si kupona.

Mwalimu, Nachingwea. Kila nikiamka kichwa kinauma, nameza vidonge vyenye aspirini, parasetamoli na kafeini, kinatulia, kesho kinarudi. Mwezi wa tano sasa.

Mwalimu, huenda vidonge vyenyewe sasa ndivyo vinavyoleta kichwa. Anayetumia vidonge vya mseto siku 10 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, ubongo huvizoea. Dozi ikiisha, kichwa kinadai nyingine. Kwa parasetamoli peke yake ni siku 15. Kafeini inazidisha jambo hili, na ukijumlisha na chai na kahawa za mchana unajikuta umefungwa pande zote.

Chukua kalenda, piga mstari kila siku uliyomeza. Pima presha na macho. Kisha acha vidonge hivyo. Jiandae: siku mbili hadi kumi za mwanzo maumivu huzidi kabla ya kupungua, kwa hiyo anza wakati wa likizo na umwone daktari akupe cha kukuvusha. Kahawa punguza kikombe kimoja kila baada ya siku chache, usiikate ghafla. Kichwa kikija ghafla kwa nguvu ambayo hujawahi kuiona, au kikija na shingo kukakamaa, kuona maluweluwe au mkono kulegea, hilo ni la hospitali saa hiyohiyo.

Bodaboda, Masasi. Nimepewa chenye dawa tatu, nasinzia na mkojo umekuwa wa machungwa.

Ya tatu huenda ni klozoksazoni, ya kulegeza misuli. Usingizi ni wake, na huo mkojo unaweza kuwa wake. Usiendeshe ukiwa umeinywa. Lakini mkojo wa rangi ya chai nzito pamoja na macho ya njano ni ini: acha dawa, nenda ukapimwe.

Uraka je? Nikinywa jioni nimeze kesho?

Siku ya uraka au nipa, pombe hizo za mabibo, diklofenaki usiiguse. Pombe na dawa hiyo vyote vinachubua tumbo na damu hutoka kirahisi. Na anayekunywa msimu mzima wa mabibo huku hali vizuri, ini lake limepungukiwa akiba ya kuisafisha parasetamoli, kwa hiyo hata kusubiri kesho hakumpi ruhusa ya vidonge vinane. Kikomo chake ni vinne, kwa siku chache, na amweleze ukweli mtoa dawa.

Vidonge vya aspirini nilivyoweka dirishani vinanukia siki. Vinafaa?

Vitupe. Unyevu na joto la pwani vimevunja aspirini, na harufu hiyo ni asidi ya siki iliyobaki. Weka dawa chini ya nyuzi 30, mahali pakavu, mbali na jiko na bafu, ndani ya pakiti yake. Ukinunua vichache, mwombe mtoa dawa akate upande usio na tarehe ya kuisha, au akuandikie tarehe hiyo na majina ya dawa zilizomo juu ya bahasha, karibu na ile 1x3.