Windows haioni Python niliyosakinisha
Ndugu, umeuliza kwa nini, baada ya kusakinisha Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye Windows 11, ukiandika python katika dirisha la amri unafunguliwa Microsoft Store. Andika kwanza py --version. Ukijibiwa kwa namba ya toleo, basi programu imo, ila folda yake haimo katika PATH, yaani orodha ya folda ambazo Windows hupekua kila unapoandika amri. Fungua tena faili la usakinishaji, chagua Modify, bonyeza Next, kisha utie tiki kwenye Add Python to environment variables. Ukimaliza, funga dirisha la amri na ufungue jipya, kwa kuwa lile la zamani hubaki na PATH ya awali, na hapo ndipo wengi hukata tamaa bure. Nakusihi pia kila mradi uutengenezee mazingira yake, yaani folda ya pekee ya kuhifadhia maktaba (vifurushi vya msimbo ulioandikwa tayari), kwa amri python -m venv mazingira, ili maktaba za miradi tofauti zisije zikagongana.