Umepandikiza visiwa vya kongosho kwa panya? Usiiamini glukomita peke yake

Wale mnaoanza kazi hii nawaambia mapema, glukomita, kile kipimo kidogo cha sukari ya damu, itawachelewesha. Unatoboa mkia, tone la damu, unasoma 130 mg/dL, unafurahi, kumbe huko chini ya utando wa figo ulikovipandikiza, visiwa kibao (vile vikundi vya seli vinavyotoa insulini) vishakufa na vilivyobaki ndo vinabeba mzigo wote. Tangu watafiti Ballinger na Lacy wapunguze kisukari kwa panya mwaka 1972 sukari ndo kipimo cha wengi, sawa, lakini haipandi mpaka seli za beta, zile za kisiwa zinazotengeneza insulini, zimepungua sana, sasa ukisubiri ipande huwezi tena kujua zilianza kufa lini wala kwa nini.

Na vifo vingi ni vya siku za mwanzo kabisa. Kisiwa ukishakitoa kwenye kongosho kimekatwa mishipa ya damu, mipya inachukua kama wiki mbili hivi kujijenga, hapo kati oksijeni inapenya kidogo kidogo tu na kisiwa kikiwa kikubwa kinaanza kufia ndani.

Mie napenda njia ya mwanga. Unachukua visiwa vya panya waliowekewa jeni ya lusiferesi, kile kimeng'enya cha kimulimuli, ukimdunga mpokeaji lusiferini (kemikali ambayo kimeng'enya hicho huigeuza kuwa mwanga) seli zilizo hai zinawaka na kamera inasoma, ikifa inazima. Ila bana ina mambo yake! Mwanga unataka oksijeni na ATP (nishati ya seli), kwa hiyo siku za kwanza ukiona hafifu usikimbilie kusema zimekufa, huenda zinakosa hewa tu. Panya mweusi mnyoe vizuri maana manyoya yanameza mwanga, mlaze vilevile kila mara, dozi ileile (wengi wanatumia 150 mg/kg), halafu piga picha mfululizo mpaka mwanga upande, ufike juu, uanze kushuka. Picha moja ya dakika ya kumi haitoshi, leo kilele kinawahi kesho kinachelewa, inategemea sindano ya tumboni imeangukia wapi.

MRI nayo, ile picha ya sumaku, unaloweka visiwa kwenye chembe za oksidi ya chuma kabla ya kupandikiza, vinatokea kama madoa meusi. Nzuri kujua vimekaa wapi, kwa uhai mie siitegemei peke yake, seli ikifa makrofaji (seli za kinga zinazokula mabaki) wanameza kile chuma na doa linaendelea kuonekana hapohapo.

Mwishoni toa figo yenye pandikizi, mwache panya aendelee kuishi na ile nyingine, pima sukari siku zinazofuata. Ikiruka juu basi pandikizi ndo lilikuwa linafanya kazi, figo uliyoitoa ikatwe ipakwe rangi ya insulini. Isiporuka, kongosho lake mwenyewe limerudi baada ya streptozotosini, ile dawa ya kuua seli za beta uliyompa ili apate kisukari, inatokea sana tu, na huyo mtoe kwenye grafu hata kama ndo alikuwa na mstari mzuri kuliko wote.